Mkaa wa Vifuu, Unga Mweupe na Jua: Mwongozo Kamili wa Kutengeneza na Kupima Nyenzo Mseto ya Kusafisha Maji

Mara ya kwanza tulipoweka maji ya buluu juani pamoja na unga wetu wa kijivu, rangi iliisha ndani ya dakika 40. Tukapiga picha, tukapeana mikono. Asubuhi yake mhudumu wa maabara akafungua kabati kutafuta ndoo, akakuta bika moja tuliyoisahau humo usiku kucha. Unga ni uleule, maji ni yaleyale, na rangi haimo. Kabatini hakuna jua. "Sasa haya yamesafishwa na nini?" akauliza, na hakuna aliyemjibu.

Jibu lilikuwa mkaa uliomo ndani ya unga. Hatukuwa tumeivunja rangi, tulikuwa tumeihamisha kutoka kwenye maji kwenda kwenye unga, kama mtu anayekausha sakafu kwa tambara akadhani maji yameisha, kumbe yamo kwenye tambara.

Mwongozo huu ni kwa mwanafunzi wa chuo, mwalimu wa kemia au fundisanifu wa maabara anayetaka kutengeneza nyenzo inayotumia jua kuvunja vichafuzi majini, kwa vifaa vya maabara ya kawaida. Kutengeneza kwenyewe ni kazi ya siku chache. Sehemu kubwa ya maelezo itahusu kupima, maana huko ndiko watu wanakojidanganya, na mimi nilikuwa wa kwanza. Jambo moja tulielewane mapema: maji yatakayotoka kwenye majaribio haya si ya kunywa.

Kinachofanyika jua likiupiga unga

Titani dioksaidi ni unga mweupe uliomo kwenye rangi za ukuta, dawa za meno na krimu za kukinga jua. Kikemia ni nusukipitishi, yaani kitu kinachopitisha umeme kwa masharti tu. Mwanga wenye nguvu ya kutosha ukiipiga chembe yake, elektroni huruka ngazi ya juu na kuacha tundu nyuma yake. Tundu hilo lina njaa: hunyakua elektroni kutoka kwenye maji yaliyogusana na chembe, na hapo huzaliwa radikali ya haidroksili, ambayo hushambulia karibu kila molekuli ya kikaboni inayokutana nayo. Elektroni iliyoruka nayo huchukuliwa na oksijeni iliyoyeyuka majini. Kazi ikienda hadi mwisho, kichafuzi kinabaki hewa ya ukaa, maji na chumvi kidogo. Unga wenyewe hauliwi, ndiyo maana tunauita kichocheo.

Wajapani Akira Fujishima na Kenichi Honda walionesha mwaka 1972 kwamba elektrodi ya titani dioksaidi ikimulikwa huweza kupasua maji kuwa oksijeni na haidrojeni. Mwaka 1977 Steven Frank na Allen Bard wa Chuo Kikuu cha Texas wakatumia unga huohuo kuharibu sayanaidi majini. Lakini kama hutaki kwenda mbali, tafuta ukuta wa nje uliopakwa rangi nyeupe ya maji ya bei ya chini miaka kadhaa iliyopita, uuegemee. Ule unga unaobaki kwenye shati, sehemu ya sababu yake ni hiyohiyo: jua na titani vimekula gundi iliyoshika rangi.

Kuna mitego miwili hapa. Kwanza, titani ya aina ya anatasi, ambayo ndiyo hai zaidi, inahitaji elektronivolti 3.2, yaani mwanga wenye mawimbi mafupi kuliko nanomita 387 hivi. Hiyo ni mionzi ya urujuanimno, na katika mwanga wa jua unaotufikia ni kama asilimia 4 au 5 tu. Pili, elektroni na matundu mengi hurudiana kabla hayajafanya kazi yoyote, na nguvu yote ikaishia kuwa joto.

Ndipo unapoingia mseto. Jina lenyewe linajieleza kwa yeyote aliyekula wali uliopikwa na choroko: kila kimoja kinaonekana, ila vinaliwa pamoja. Mkaa hukusanya kichafuzi na kukisogeza karibu na titani, kwa kuwa radikali ya haidroksili huishi kwa muda mfupi mno na haiwezi kusafiri kukifuata kilipo. Mkaa pia huweza kupokea baadhi ya elektroni na kuzichelewesha kurudiana na matundu. Ubaya wake ni kwamba ni mweusi. Ukiuzidisha unameza mwanga uliokusudiwa kwa titani. Kwa hiyo tunautia kidogo: sehemu 1 ya mkaa kwa sehemu 5 za titani.

Kununua na kukusanya

Kosa la kwanza la wengi hufanyika dukani. Titani inayouzwa kwa watengeneza rangi haifai, hata kama ni safi kwa asilimia 99. Nyingi ni ya aina ya rutaili, na viwanda huipaka tabaka jembamba la silika au alumina makusudi ili isile rangi ukutani. Yaani wamelipa gharama kuiua sifa unayoitafuta. Agiza kwa muuza kemikali za maabara, na useme wazi kwamba unataka anatasi isiyopakwa kitu. Ukiweza kupata ile inayojulikana kama P25, mchanganyiko wa anatasi kama asilimia 80 na rutaili iliyobaki, wenye chembe za nanomita 20 hivi, chukua. Watafiti wengi huitumia kama kipimo cha kulinganishia, na namba zako zitaeleweka popote.

Vifuu vya nazi havihitaji maelezo kwa mtu wa pwani. Uliza kwa mama wanaokuna nazi sokoni, na uchague vikavu visivyo na makumbi. Ukiwa bara mbali na nazi, mkaa wa chujio za maji za nyumbani mara nyingi umetokana na vifuu na tayari umeamilishwa, yaani umeongezewa vitundu vingi vya kunasa. Unafaa, ila unanasa rangi kwa nguvu zaidi, na utahitaji subira kwenye hatua ya kushibisha.

Vingine ni bluu ya methilini (ile rangi ya buluu ya kujaribia), maji yaliyokenekwa (usichanganye na asidi ya betri, dukani vyote viwili huitwa maji ya betri), mizani inayosoma miligramu, bika sita za ukubwa mmoja, tanuri inayofika nyuzijoto 300 (au 450 ukitaka kupaka mawe, kama nitakavyoeleza mwishoni), sentrifuji ya kuzungusha sampuli ili unga utuame, na spektrofotomita, kifaa kinachopima mwanga uliomezwa na maji. Usipokuwa na spektrofotomita kuna njia ya simu nitakayoieleza.

Kuhusu usalama sina maneno mengi ila nayasisitiza. Unga mkavu wa titani usiuvute puani. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, limeuweka kwenye kundi la 2B, la vitu vinavyoweza kusababisha saratani, kwa anayeuvuta kama vumbi. Vaa barakoa ya vumbi yenye kichujio, si ya kitambaa, na ulowanishe unga mapema uwezavyo, kwani ukishalowa haupeperuki. Bluu ya methilini itakupaka mikono kwa siku kadhaa, kwa hiyo vaa glavu.

Hatua ya kwanza: mkaa

Vunja vifuu vipande vya kidole gumba, vijaze kwenye kopo la bati lenye kifuniko, utoboe tundu moja dogo la msumari. Weka kwenye moto wa kuni nje ya nyumba. Moshi utatoka kwa nguvu, kisha utapungua. Ukikoma kabisa, ondoa kopo na uzibe tundu kwa udongo mbichi. Usilifungue likiwa na moto, hewa ikiingia mkaa utawaka na utabaki na majivu. Ngoja hadi kesho.

Twanga kwenye kinu cha maabara, chekecha kwa chekeche la mikromita 100. Osha kwa maji ya moto mara kadhaa hadi maji ya juu yawe maangavu na pH isiendelee kupanda. Majivu yana alkali, na yakibaki yatakuharibia vipimo bila kujitambulisha. Kausha kwenye nyuzi 105 usiku kucha.

Hatua ya pili: kuoanisha

Pima gramu 5 za titani na gramu 1 ya mkaa. Tia titani kwenye mililita 100 za maji yaliyokenekwa, ongeza asidi nyepesi ya naitriki tone kwa tone hadi pH ifike 3 au 4, ukoroge nusu saa. Kwenye asidi chembe za titani hubeba chaji chanya na kusukumana, kwa hiyo hazigandi mabonge. Halafu ongeza mkaa na uendelee kukoroga saa nzima. Ukiwa na bafu la mawimbi ya sauti, dakika 20 humo zinafanya kazi nzuri kuliko saa ya kukoroga.

Sasa kausha kwenye nyuzi 80 hadi 90 huku ukikoroga. Hapa usikimbilie chai. Ukiacha kukoroga maji yakiwa bado mengi, vitu hivi viwili vitatengana, kimoja juu na kingine chini, na utapata keki ya matabaka badala ya mseto. Endelea hadi upate uji mzito, ndipo uuhamishie kwenye tanuri ya nyuzi 105 ukauke kabisa.

Hatua ya joto ni saa 2 kwenye nyuzi 300, ndani ya chombo cha kauri kilichofunikwa. Lengo ni kuzifanya chembe zishikane. Usipande zaidi ukiwa na tanuri ya hewa ya kawaida, kwa sababu kadiri unavyokaribia nyuzi 400 mkaa huanza kuungua taratibu, na unga utatoka mweupe kuliko ulivyoingia. Pima uzito kabla na baada. Upungufu mdogo ni unyevu, lakini ukikaribia gramu nzima, mkaa wako umekwenda na moshi.

Saga, osha kwa maji yaliyokenekwa hadi pH irudi karibu na 6, kausha, weka kwenye chupa yenye kifuniko. Unga mzuri una rangi ya kijivu iliyo sawa kote. Ukiona madoadoa meusi na meupe, rudi kwenye kukoroga.

Hatua ya tatu: kuandaa rangi na kipimo

Yeyusha miligramu 100 za bluu ya methilini kwenye lita 1 ya maji yaliyokenekwa. Hiyo ndiyo mama, itunze gizani. Chukua mililita 50 zake, ongeza maji hadi lita 1, upate miligramu 5 kwa lita. Makala nyingi hutumia miligramu 10 au 20 kwa lita. Mimi sipendi, kwa sababu rangi hii ni kali mno: kwenye miligramu 10 usomaji wa umezaji wa mwanga wa nanomita 664 unazidi 2, na spektrofotomita za bei ya kawaida hapo huanza kubahatisha.

Tengeneza ngazi ya vipimo: miligramu 1, 2, 3, 4 na 5 kwa lita. Soma kila kimoja, chora mstari. Usiponyooka, rudia kabla hujaendelea na lolote.

Kwa asiye na spektrofotomita: chukua mirija ya kioo inayofanana, iweke mbele ya karatasi nyeupe ndani ya boksi lenye taa moja isiyobadilika, piga picha kwa simu, kisha soma thamani ya nyekundu pekee kwa programu yoyote ya picha. Bluu ya methilini humeza mwanga mwekundu, kwa hiyo nyekundu hupanda kadiri rangi inavyopungua. Fanya ngazi yako kwa njia hiyohiyo. Haitakupa usahihi wa kuchapisha jaridani, lakini inatosha kujua kama unga unafanya kazi.

Hatua ya nne: kushibisha gizani

Hii ndiyo hatua tuliyoiruka sisi, na ndiyo kiini cha mwongozo mzima.

Weka gramu 0.1 ya mseto kwenye mililita 200 za rangi, funika bika kwa karatasi ya alumini, koroga. Kila dakika 15 toa mililita 4, zungusha kwenye sentrifuji, soma. Rangi itashuka ikiwa gizani kabisa, maana mkaa unanasa. Vipimo viwili vya mfululizo vikilingana, unga umefika kikomo kwa rangi iliyopo. Tulia uache unga ushuke, mwaga maji ya juu, ongeza rangi mpya, rudia. Mkaa wa nyumbani hushiba mapema. Ule ulioamilishwa unaweza kudai rangi mpya mara tatu, nne au zaidi. Unajua umeshiba pale unapoweka rangi mpya ya miligramu 5 na baada ya saa nzima gizani inabaki karibu 5.

Tahadhari ndogo iliyowahi kunipotezea wiki: usichuje sampuli kwa karatasi badala ya kutumia sentrifuji. Karatasi yenyewe hunasa bluu ya methilini, na matokeo yako yatapendeza bila sababu. Ukilazimika kuchuja, pitisha kwanza rangi isiyo na unga uone kichujio kinaiba kiasi gani.

Hatua ya tano: juani

Andaa bika sita, kila moja mililita 200 za rangi ya miligramu 5:

A – rangi tupu, imefungwa alumini
B – rangi tupu, juani
C – rangi na gramu 0.017 ya mkaa ulioshibishwa, juani
D – rangi na gramu 0.083 ya titani, juani
E – rangi na gramu 0.1 ya mseto ulioshibishwa, imefungwa alumini
F – rangi na gramu 0.1 ya mseto ulioshibishwa, juani

Uzito wa C na D si wa kubahatisha, ni kiasi kilekile cha mkaa na titani kilichomo ndani ya gramu 0.1 ya mseto. F ikiishinda D, mkaa umesaidia. Zikienda sawa, umejisumbua bure na titani peke yake ingetosha. Hilo nalo ni jibu halali, liandike.

Zitoe zote pamoja kati ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana, zikiwa ndani ya karai moja la maji ili joto lilingane, kwa maana bika iliyofungwa alumini na iliyo wazi hazipati joto sawa. Usilinganishe matokeo ya Jumatatu na ya Jumatano, jua si taa. Wingu likipita limepita juu ya bika zote, na hiyo ndiyo faida ya kuzianika pamoja. Usifunike kwa plastiki ngumu ya polikaboneti, ambayo mara nyingi ndiyo madumu yale makubwa ya maji ya ofisini hutengenezwa nayo, kwa sababu huzuia karibu urujuanimno wote. Kioo cha kawaida hupitisha sehemu kubwa ya mionzi tunayoihitaji.

Koroga bila kukoma. Mbali ya kuzuia unga usitulie chini, unaingiza oksijeni, na bila oksijeni elektroni hazina pa kwenda. Weka alama ya kina cha maji kwa kalamu, na kabla ya kila sampuli rudisha maji yaliyokauka kwa maji yaliyokenekwa, huku ukikumbuka kutoa kile ulichochota mwenyewe. Juani kwa saa 2 bika iliyo wazi hupoteza maji ya kutosha kupotosha hesabu.

Chota kwenye dakika 0, 15, 30, 60, 90 na 120.

Hatua ya sita: hesabu

Kwa kiwango kidogo cha rangi kama hiki, kasi kwa kawaida hufuata kanuni ya daraja la kwanza. Chora logi asilia ya C₀/C (kiwango cha rangi cha mwanzo kugawanya kwa kiwango cha wakati huo) dhidi ya muda, mteremko wa mstari ni k, yaani kasi. Tuseme bika F ilianza na 5.0 na baada ya dakika 60 ikabaki 1.8. Logi asilia ya 2.78 ni 1.02, gawanya kwa 60 upate 0.017 kwa dakika. Nusu ya rangi inaisha kila 0.693 ÷ 0.017, yaani dakika 41. Huo ni mfano wa hesabu tu. Wako utatoka na jua lako na unga wako.

Kisha toa k ya bika B. Bluu ya methilini hupauka juani hata bila kichocheo, na usipoitoa utajipa sifa za jua.

Hatua ya saba: kujihoji

Rangi imeisha kwenye F na E imebaki buluu. Vizuri, lakini bado.

Chukua sampuli iliyopauka, itikise kwa nguvu kwenye chupa yenye hewa. Bluu ya methilini ina sura mbili: ya buluu, na nyingine isiyo na rangi inayotokea ikipewa elektroni mahali pasipo oksijeni. Ikirudi buluu baada ya kutikiswa, hukuivunja, ilikuwa imejificha.

Pili, kusanya unga wa E na wa F kando kando, uoshe kila mmoja kwa ethanoli safi yenye matone ya asidi. Tumia isiyo na rangi, kwani spiriti ya dukani huwa imetiwa rangi kusudi. Unga wa gizani utaachia buluu. Wa juani ukiachia buluu nyingi vilevile, sehemu kubwa ya "usafishaji" wako ni tambara la sakafuni.

Tatu, ambalo ndilo ninaloliamini kuliko yote: tumia unga uleule mara tano kwa rangi mpya. Kinachonasa tu huchoka kadiri kinavyojaa. Kinachovunja huendelea. Kasi ikishuka kidogo mzunguko hadi mzunguko ni kawaida, unga kiasi hupotea na mabaki huganda juu yake. Ikishuka hadi sifuri kwenye mzunguko wa tatu, ulikuwa na mkaa.

Mwisho, jaribu kitu kisicho na rangi. Bluu ya methilini humeza mwanga unaoonekana na huweza yenyewe kupenyeza elektroni ndani ya titani, kwa hiyo hujisaidia kufa, jambo ambalo dawa ya kuua wadudu haifanyi. Parasetamoli ni rahisi kupatikana: yeyusha, chuja, soma kwenye nanomita 243 kwa kyuveti (kichupa cha kupimia) ya kwatzi, inayopitisha urujuanimno. Angalia wigo wote badala ya nukta moja, maana vipande vinavyotokana nayo navyo humeza mwanga humo humo. Ukiwa na vifaa vya kupima mahitaji ya oksijeni ya kikemikali, ndivyo vitakavyokuambia kama kaboni imeondoka kweli au imebadili jina.

Maji halisi

Kifuu cha nazi ni bahari ya chungu, na mililita 200 za maji yaliyokenekwa ni bahari ya mtafiti. Peleka unga kwenye maji ya mto au ya kisima na kasi itaanguka. Tope huzuia mwanga. Bikaboneti za maji magumu humeza radikali kabla hazijafika kwenye kichafuzi. Kloraidi nayo huchangia. Jaribio la kwanza la maji halisi liwe rahisi: tia rangi yako ya miligramu 5 kwenye maji ya kisima yaliyochujwa, linganisha k na ile ya maji yaliyokenekwa. Tofauti hiyo inafundisha kuliko kurasa kumi za nadharia.

Chukua mfano wa maji machafu ya batiki. Watengenezaji wengi hutumia kostiki soda na haidrosi (unga wa sodiamu dithionaiti) kuyeyusha rangi. Haidrosi inapenda oksijeni kuliko titani inavyoipenda, na kostiki hupandisha pH juu sana. Kumimina unga wako humo moja kwa moja ni hasara. Acha maji hayo yapigwe na hewa siku moja au mbili, sehemu kubwa ya rangi za aina hiyo ikishakutana na oksijeni huacha kuyeyuka na kutuama chini. Punguza alkali, pitisha kwenye mchanga, halafu ndipo jua na unga vishughulikie mabaki. Kwa maoni yangu, mchanga na subira vikiweza kufanya kazi, titani isubiri zamu yake.

Na kuna mambo ambayo titani haiyawezi kabisa. Chumvi haiondoi. Floraidi, tatizo kubwa la maji ya Arusha na Meru, haiondoi, huko hutumika mkaa wa mifupa. Metali haziharibiwi na mwanga. Kromiamu yenye sumu kali hubadilishwa kuwa aina iliyo nafuu, lakini kromiamu inabaki kromiamu, na lazima itolewe kwa njia nyingine.

Kuutoa unga majini

Chembe za nanomita 20 hazichujiki kwa kitambaa wala kwa mchanga peke yake. Kwenye kituo cha Plataforma Solar de Almería, Hispania, ambako wametumia vioo vya kukusanya jua kwenye mirija ya maji kwa miaka mingi, kiasi kinachopendekezwa kwa titani inayoelea majini ni karibu gramu 0.2 tu kwa lita, na hata kidogo hicho lazima kitolewe baadaye. Mkaa hurahisisha kiasi, kwani mseto huzama haraka kuliko titani tupu. Uache usiku kucha, na wingi wake utakuwa chini asubuhi.

Njia ninayoipenda zaidi ni jiwe la kusugulia miguu. Ni zao la volkano, limejaa vitundu vya hewa na huelea, kwa hiyo kichocheo hukaa juu kabisa mahali jua linapopiga. Livunje punje za sentimita 1, chagua zinazoelea baada ya siku nzima majini, zioshe na kuzikausha. Tengeneza uji wa gramu 5 za titani kwa mililita 100 za maji yenye pH 3, zichovye dakika 30, kausha nyuzi 105, rudia mara tatu, kisha zichome nyuzi 450 kwa saa 1. Hapa hakuna mkaa wa kuungua, kwa hiyo joto hilo ni salama. Zioshe hadi maji yasiwe na uziwaziwa. Kwa uzito uleule wa titani kasi itakuwa ndogo kuliko ya unga, lakini jioni unaziopoa kwa chujio la chai.

Zitumie kwenye sinia pana lenye kina cha sentimita 2 hadi 5, si kwenye ndoo. Urujuanimno haushuki mbali kwenye maji yenye rangi.

Unga uliochoka

Kasi ikishuka, uache unga kwenye maji safi juani siku nzima, ukiongeza kidogo haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3 inayouzwa duka la dawa. Mara nyingi unarudi. Usiporudi, ukaushe, upime uzito, ulinganishe na ule wa mwanzo, uandike umetumika mizunguko mingapi na kwa maji gani. Usiumwage kwenye sinki wala mtaroni. Weka kwenye chombo chenye lebo pamoja na taka nyingine ngumu za maabara, ukiwa umelowa ili usipeperuke siku mtu mwingine atakapofungua kifuniko.